Panya Hapulizi

Mazungumzo haya aliyatoa tabibu mmoja mbele ya wahitimu wa kisomo cha watu wazima huko Unyambwa, mkoani Singida. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.

Asanteni kwa kuniwekea kiti kivulini. Wale walioko nyuma wasogee, maana mimi sina sauti kubwa, na upepo wa Singida mnaujua.

Nimeombwa nieleze jinsi mwili unavyopata habari na kuzipeleka kichwani. Ni jambo refu. Nilipokuwa njiani nilijiuliza nianzie wapi. Nimeamua kuanza na panya.

Kila mtu hapa amewahi kuambiwa kwamba panya anauma na kupuliza. Eti anamng'ata mtu aliyelala, halafu anapuliza ili mtu asisikie. Anang'ata tena, anapuliza tena. Asubuhi unaamka, kidole kimeliwa. Tumeufanya kuwa msemo. Mtu anayekudhuru huku anakuchekea, tunasema huyo ni panya, anauma na kupuliza. Msemo ni mzuri, na mimi mwenyewe nautumia kwa watu fulani.

Lakini panya hapulizi. Hana dawa ya ganzi mdomoni. Akimng'ata mtoto mwenye afya, mtoto anapiga kelele na nyumba nzima inaamka. Mlevi aliyelewa chakari pengine atachelewa kuamka, huyo tumwache. Basi kama yuko mtu aliyeng'atwa na panya usiku na hakuamka, tusiulize panya amefanya nini. Tuulize mguu wa mtu yule una nini.

Swali hili si la mchezo. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam, mmoja wao Dk. Zulfiqarali Abbas, waliandika katika jarida la udaktari habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni. Watu hao walilala wazima, wakaamka na vidonda. Hawakusikia kitu. Sababu yake ni kwamba kisukari kilikuwa kimeharibu mishipa ya fahamu ya miguu yao. Panya alikuta nyumba haina mlinzi.

Leo nitawaeleza juu ya mlinzi huyo.

KUSIKIA

Kiswahili chetu kina neno moja la kazi nyingi. Tunasikia ngoma. Tunasikia harufu ya nyama inayochomwa kwa jirani. Tunasikia baridi ya mwezi wa saba. Tunasikia njaa, tunasikia kiu, tunasikia maumivu. Ziko lugha ambazo kila kimoja kina neno lake. Sisi tunasema kusikia tu. Mimi naona wazee waliotuachia neno hili hawakukosea, maana kwa mwili kazi ni ya namna moja. Habari inafika, yuko wa kuipokea, na aliyeipokea anaipitisha mbele.

Hao wanaopokea wataalamu wanawaita vipokezi. Kimoja ni kipokezi. Ni vidogo mno, huwezi kuviona kwa macho. Viko ndani ya jicho, ndani ya sikio, juu ya ulimi, juu kabisa ndani ya pua, na katika ngozi yote. Kila kipokezi kina habari yake moja anayoijua. Cha jicho kinajua mwanga. Cha sikio kinajua mtikisiko wa sauti. Hakiingilii kazi ya mwenzake.

Mnataka ushahidi? Mtu akipigwa ngumi ya jicho anaona nini?

(Watu: Nyota!)

Anaona nyota. Sasa nyota zimetoka wapi mchana? Hakuna nyota. Ngumi imekibonyeza kipokezi cha mwanga, na kipokezi cha mwanga hakijui kusema "nimepigwa". Kinajua neno moja tu: mwanga. Basi kinasema mwanga, na kichwa kinaamini. Kumbukeni jambo hili, maana tutalirudia tukifika kwenye pilipili.

YOWE

Haya, tuingie jikoni. Mama anapika ugali wa uwele. Sufuria iko juu ya mafiga, imeshika moto. Anateleza, kidole kinagusa ukingo wa sufuria. Kitu gani kinatokea?

Chini ya ngozi ya kidole ziko ncha za mishipa ya fahamu. Mshipa wa fahamu si mshipa wa damu. Hauna damu ndani. Ni uzi mwembamba kuliko unywele, na mwingine ni mrefu ajabu: unaoanzia kidole cha mguu unapanda mpaka kiunoni, kwenye uti wa mgongo, bila kukatika. Kwenye ncha ya uzi huo kuna vilango vidogo vidogo. Kipokezi cha joto ni kilango cha namna hiyo. Siku zote kimefungwa. Joto likifika kama digrii 43, kinafunguka.

Nje ya kilango kuna maji ya chumvi. Mwili wetu ndani una chumvi, ndiyo maana jasho na machozi ni ya chumvi. Si kali kama maji ya ziwa letu la Singidani, lakini ni chumvi. Chumvi iliyoyeyuka katika maji inabeba umeme kidogo. Kilango kikifunguka, chumvi inaingia kwa kasi, na umeme mdogo unawaka kwenye ncha ya uzi. Hapo habari imezaliwa. Moto umekwisha kugeuka kuwa umeme.

Umeme huo unasafirije mpaka kichwani? Hapa msinifikirie waya wa taa. Fikirini yowe.

Wazee mnajua. Wezi wa ng'ombe wameingia boma la kwanza. Mwenye boma anapiga yowe. Boma la pili wanasikia, nao wanapiga yowe lao wenyewe. La tatu wanapiga la kwao. Yowe linavuka bonde na kufika mbali likiwa na nguvu ileile, kwa sababu kila boma limelipiga upya. Sauti ya yule mtu wa kwanza peke yake ingekufa njiani. Mshipa wa fahamu unafanya hivyohivyo. Kila kipande cha uzi kinafungua vilango vyake, kinawasha umeme wake upya, na kukiamsha kipande cha mbele.

Iko mishipa iliyovikwa mafuta mafuta kwa nje, na yowe lake linaruka, kama watu waliosimama juu ya mawe makubwa ya huku kwetu, jiwe hadi jiwe, bila kupita kila boma. Hiyo ni ya mbio. Mingine haina vazi hilo, yowe lake linatembea mwendo wa mtu anayekwenda sokoni bila haraka. Ndiyo sababu ukijikwaa kidole cha mguu kwenye jiwe unaumia mara mbili. Kwanza unasikia mchomo mkali papo hapo. Halafu unapumzika kidogo, ukisema labda nimesalimika. Halafu yanakuja yale maumivu mazito, yanayopwita, yanayokukalisha chini. Ni jiwe lilelile. Habari imepita njia mbili, na ya pili imechelewa kwa kiasi cha sekunde moja hivi.

Jambo jingine. Yowe la mshipa halina kubwa na dogo. Mshipa haujui kupaza sauti. Unajua kurudia tu. Joto dogo, yowe chache. Joto kubwa, yowe nyingi zinafuatana upesi upesi. Kichwa kinahesabu.

Tumrudie mama yetu jikoni. Mkono wake umekwisha kuondoka kwenye sufuria kabla hajasema "aii". Nani aliuamuru? Si kichwa. Yowe lilipofika kwenye uti wa mgongo, uti wenyewe ulitoa amri: ondoa mkono. Kichwa kilipata habari nyuma kidogo, kama mwenyekiti anayeletewa taarifa kwamba wezi wamekwisha kufukuzwa. Kama kungekuwa na kungoja kikao, mkono ungeungua.

PILIPILI NA KUKU

Kwa muda mrefu wataalamu walijua kwamba kuna kilango cha joto, lakini hakuna aliyekiona. Aliyekipata ni David Julius, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, huko Marekani. Alikipata mwaka 1997, na alikipata kwa pilipili.

Aliwaza hivi: mtu akila pilipili anasema inaunguza. Lakini pilipili haina moto. Iwekee kipimajoto, ni ya baridi kama nyanya. Basi kwa nini inaunguza? Alipotafuta kitu ambacho ukali wa pilipili unakigusa, akakuta ni kilango kilekile cha joto. Ukali wa pilipili ni kama ufunguo wa bandia. Unakifungua kilango cha moto wakati moto haupo. Na kilango, kama kile cha jicho lililopigwa ngumi, kinajua neno moja tu. Kinasema moto. Kichwa kinaamini, jasho linakutoka, pua inachuruzika, unaomba maji. Na maji hayakusaidii sana, kwa sababu ule ukali hauyeyuki katika maji, unayeyuka katika mafuta. Mwenye maziwa ya mgando ndani atapona upesi kuliko mwenye kata ya maji.

(Mama mmoja: Mbona kuku wangu wanakula pilipili na hawalii?)

Swali zuri sana, mama. Ndege wanacho kilango cha joto, na wakiguswa na moto wanasikia. Lakini cha kwao kimeundwa tofauti kidogo, ufunguo wa pilipili hauingii. Kuku anakula pilipili kama anakula mtama. Mpilipili unafaidika, maana mbegu inapita tumboni mwa ndege ikiwa nzima na kuangushwa mbali. Sisi wenye meno ya kusaga mbegu ndio tunaofukuzwa.

Mwenzake Julius ni Ardem Patapoutian, mtu aliyezaliwa Beirut, Lebanoni, akahamia Marekani akiwa kijana. Yeye na wenzake walitafuta kipokezi cha kuguswa. Walikuwa na seli zinazotoa umeme zikibonyezwa na kijiti chembamba. Wakaandika orodha ya vitu 72 vilivyodhaniwa kuwa ndicho kipokezi. Wakawa wanazima kimoja, wanabonyeza, wanaona umeme bado upo. Wanazima kingine. Walikipata kwenye cha 72, cha mwisho kabisa katika orodha. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010. Mimi nawaambia wanakisomo wanaokata tamaa kwenye hesabu za kugawanya, mfikirieni mtu huyo alipofika cha 60. Mwaka 2021 Julius na Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobeli kwa pamoja.

YOWE LIKIKATIKA

Sasa tufike penye uchungu. Au penye kukosa uchungu, niseme hivyo.

Wengi wenu mnaijua Sukamahela, kule wilaya ya Manyoni, katika mkoa wetu huuhuu. Ni makazi ya watu waliougua ukoma. Zamani watu walidhani ukoma unaozesha nyama, vidole vinaanguka vyenyewe. Si kweli. Ukoma unaletwa na bakteria, aliyeonekana na daktari Hansen wa Norwei mwaka 1873. Si laana na si ugonjwa wa kurithi. Bakteria huyu anapenda mahali penye ubaridi mwilini: masikio, pua, mikono, miguu. Anaingia katika mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi na kuiharibu. Anakata yowe. Kuanzia hapo mtu anashika sufuria ya moto na mkono hauondoki, kwa sababu uti wa mgongo haukupata habari. Anakanyaga mwiba, anatembea nao siku tatu. Kidonda kinaingia uchafu, kinafika mfupani. Kidole kinakwisha kwa majeraha, si kwa ukoma wenyewe.

Daktari mmoja Mwingereza, Paul Brand, aliyefanya kazi India, ndiye aliyelisema jambo hili kwa nguvu. Wagonjwa wake wengine walikuwa wakilala na vidole, wakiamka vimepungua. Watu wakasema, mnaona, vinaanguka. Wakawekwa watu wa kukesha. Usiku wakawaona panya wanapanda kitandani na kutafuna, na mwenye kidole amelala fofofo. Dawa yake ilikuwa nini? Waligawiwa paka.

Mnaona? Kule India panya, na Dar es Salaam panya. Wala hakuna aliyepuliza.

Ukoma siku hizi unapona. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza matibabu ya dawa kadhaa kwa pamoja mwaka 1981. Mgonjwa anakunywa dawa miezi 6 au miezi 12, kwa aina ya ugonjwa wake, na ni bure. Akishaanza dawa, upesi anaacha kuambukiza. Nchi yetu ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na mwaka 2006 ilifikia kiwango cha chini ya mgonjwa mmoja katika kila watu 10,000. Lakini haujaisha. Mtu akiwa na baka la ngozi lililopauka au jekundu, lisilowasha, lisilouma, ukiligusa kwa pamba hasikii, asilipake dawa za majani na kungoja. Aje zahanati. Bakteria tunaweza kumwua wakati wowote. Mshipa uliokufa zamani hatuwezi kuufufua.

HODI YA INSULINI

Kisukari kinafika palepale kwa njia nyingine, na hapa nitawaeleza vipokezi vya namna ya pili. Hivi havingoji moto wala mwiba. Vinangoja habari kutoka ndani ya mwili wenyewe.

Mwili umejengwa kwa vyumba vidogo sana vinavyoitwa seli. Ukila ugali, tumbo linaugeuza kuwa sukari, na sukari inaingia katika damu. Hata kama hukuweka sukari hata punje moja, ugali wenyewe ni sukari iliyojificha. Sasa sukari inatakiwa itoke katika damu, iingie katika seli za misuli, ikatumike kulima na kutembea. Lakini haiingii hovyo. Mlango umefungwa.

Nyuma ya tumbo kuna kiungo kinachoitwa kongosho. Sukari ikipanda, kongosho inatuma mjumbe katika damu, jina lake insulini. Mjumbe anafika nje ya seli na kupiga hodi. Kipokezi chake kiko pale ukutani, nusu nje, nusu ndani. Insulini yenyewe haiingii. Inakishika kipokezi kwa nje, na upande wa ndani wa kipokezi unabadilika na kutoa habari. Ndani wanapokezana habari, mmoja kwa mwingine, mpaka vilango vya sukari vilivyokuwa vimehifadhiwa ndani vinaletwa ukutani na kufunguliwa. Sukari inapita. Yote hayo kwa sababu ya hodi moja.

Kwa wagonjwa wengine, hasa watoto na vijana, kongosho imeacha kutuma mjumbe. Hao wanaishi kwa sindano ya insulini, iliyogunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921. Kabla ya hapo mtoto wa namna hiyo alikufa tu. Kwa wengine, na hawa ndio wengi, mjumbe yupo na hodi inapigwa, lakini ndani wanaitikia kwa uvivu. Sukari inabaki katika damu. Mtu anakojoa sana, kiu haiishi, anachoka.

Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa midogo ya damu na mishipa ya fahamu. Na inaanza na ile mirefu kuliko yote. Ipi? Inayokwenda vidole vya miguu. Ndiyo sababu ganzi ya kisukari inaanzia chini na kupanda, miguu yote miwili, kama mtu aliyevaa soksi.

Mzee mmoja, si wa hapa, alikuja kwangu miaka iliyopita. Alikuwa na kisukari. Miguu ilikuwa inamwaka moto usiku, anasikia kama siafu wanatembea ndani ya nyama. Mnajua ule ni nini? Ni mshipa unaoumwa, unapiga yowe bila mwizi. Nikampangia siku ya kurudi. Hakurudi. Baada ya miezi mingi nikakutana naye mnadani, akanipa mkono kwa furaha. "Tabibu, ile miguu imepona! Haiwaki tena. Nimeacha hata zile dawa." Nikamwambia, baba, hebu vua kiatu. Chini ya unyayo kulikuwa na msumari wa katambuga, umepita tairi na kuingia ndani ya nyama, na kidonda chake kina harufu. Alikuwa ametembea nao. Hakujua tangu lini.

Alifikiri kimya ni kupona. Mguu wake ulikatwa chini ya goti.

Nalisema hili polepole kwa sababu ndilo lililonileta. Maumivu yakiondoka kwa sababu umetibiwa, ni heri. Yakiondoka yenyewe kwa mtu mwenye kisukari, na ganzi ikabaki, yowe limekatika. Wezi hawajaondoka.

PUA YA PANYA

Panya naye ana vipokezi, na ametuzidi. Mwaka 1991 wataalamu wawili wa Marekani, Linda Buck na Richard Axel, walitangaza kwamba wamevipata vipokezi vya harufu, na walivipata katika pua ya panya. Panya ana aina kama 1,000. Binadamu ana kama 400. Kule Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limewafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kunusa kifua kikuu katika makohozi. Pua hiyohiyo, kwa panya wa nyumbani, inafuata mafuta ya alizeti yaliyodondoka kwenye mguu, au usaha wa kidonda. Na sisi tunalala chumba kimoja na magunia ya mahindi na alizeti, kwa kuogopa wezi. Tunawaalika wenyewe.

Basi kwa mwenye kisukari, au aliyewahi kuugua ukoma, au yeyote mwenye ganzi miguuni, macho yafanye kazi ya mshipa uliokufa. Kila jioni, kabla mwanga haujaondoka, osha miguu, kausha hadi katikati ya vidole, tazama juu na chini. Kama huwezi kupinda mgongo, mwite mjukuu atazame. Mjukuu aliyesoma atakuandikia hata tarehe. Viatu uvikung'ute na kupitisha mkono ndani kabla ya kuvaa, na katambuga zitazamwe misumari. Usitembee peku, hata uani. Usiote moto kwa miguu asubuhi ya baridi, maana nyama itaiva na wewe unaongea. Maji ya kuoga usiyapime kwa mguu, mwambie mwingine ayaguse. Sugu usizikate kwa wembe. Chandarua kichomeke chini ya godoro pande zote, kinazuia mbu na kinampa kazi panya. Magunia yahame, na paka apewe chakula kidogo ili asihame yeye.

Ukiona kidonda, hata kama hakiumi, na hasa kama hakiumi, njoo siku hiyohiyo. Usingoje siku ya kliniki.

(Mzee mmoja: Sasa mtu atajuaje kama miguu yake imeanza kufa, na wewe unasema hasikii?)

Ndiyo maana nimekuja na pamba hii, babu. Kipimo ni rahisi. Unafumba macho, nakugusa kidogo hapa na pale, nawe unasema umesikia wapi. Ukikosea mara nyingi tutapima na sukari, kipimo chake ninacho katika mfuko. Wale wenye kisukari waanze, halafu wazee, halafu yeyote anayetaka. Akina mama leteni mkeka, tukae huku nyuma ya darasa, upepo umepungua.

Haya, bibi, karibu. Vua viatu vyote viwili. Fumba macho, usichungulie. Kila nikikugusa, sema "nasikia".